Zenoni kimiminika: uchafu wa aina mbili, na kwa nini geta peke yake haitoshi

#1 · kiini54 · Unguja

Assalaam alaykum wadau.

Kwenye ule uzi uliofungwa wa maada ya giza (ile isiyoonekana, inayojulikana kwa mvuto wake tu), mchangiaji mmoja aliandika kuwa vigunduzi vya zenoni "vinajazwa gesi safi ya kiwandani, kisha watu wanakaa kusubiri". Naomba tulinyooshe hili, maana wanafunzi wanalibeba hivyo hivyo hadi chuoni. Zenoni (gesi adimu, nzito) inayotoka kiwandani ni chafu mno kwa kazi hii. Kuisafisha na kuilinda isichafuke tena ndiko kulikokula miaka ya watu. Kuongeza ukubwa wa tangi ni jambo jepesi mbele ya hilo.

Kwanza chombo chenyewe. Chukueni XENONnT, kigunduzi cha kutafuta maada ya giza kilichoko Gran Sasso, Italia, chini ya mwamba wa mita 1,400. Ndani kuna silinda yenye kipenyo cha mita 1.3 na kimo cha mita 1.5, kuta zake tefloni, imejaa tani 5.9 za zenoni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Ukijumlisha na ile inayoizunguka silinda, unafika kama tani 8.5. Juu ya kimiminika pameachwa tabaka jembamba la gesi. Juu kabisa na chini kabisa zimepangwa fotomaltiplaya 494, macho yanayoweza kuona hata fotoni (punje ya mwanga) moja. Chini kuna wavu wa katodi, karibu na uso wa kimiminika kuna wavu wa geti, na juu yake, ndani ya gesi, wavu wa anodi.

Chembe ikigonga atomu ya zenoni, mambo mawili hutokea. Atomu zilizosisimka hushikana mbili mbili, na zikiachana hutoa mwanga wa nanomita 175 hivi, urujuanimno ambao kioo cha kawaida hakiupitishi. Huo ndio S1. La pili, elektroni zilizong'olewa huvutwa na uga wa umeme kwenda juu, polepole. Zikifika usoni hunyofolewa kutoka kwenye kimiminika na kukimbizwa ndani ya gesi, na hapo hutoa mwanga mwingine, mkubwa zaidi: S2.

Ni kama radi ya masika. Unaona mwako, unahesabu, unasikia ngurumo, unajua imepiga umbali gani. Muda kati ya S1 na S2 unakupa kina. Macho ya juu yaliyomulikwa zaidi yanakupa mahali kwa mlalo. Na uwiano wa S2 kwa S1 unakwambia kilichogongwa: ikigongwa elektroni (mionzi ya gamma na beta hufanya hivyo) S2 huwa kubwa ukilinganisha na S1, kikigongwa kiini cha atomu (na nyutroni, na nyutrino, yaani chembe nyepesi mno isiyo na chaji, au na maada ya giza yenyewe) S2 huwa ndogo.

Sasa uchafu. Wa kwanza ni wa kikemia: oksijeni, mvuke wa maji na mfano wa hivyo. Molekuli hizi hunasa elektroni njiani, S1 ukaiona na S2 isifike. Kipimo chake ni uhai wa elektroni, yaani muda ambao zikisafiri hubaki asilimia 37. Fanyeni hesabu. Kwenye XENONnT elektroni inayoanzia chini kabisa huchukua milisekunde 2.2 kufika juu. Uhai ukiwa milisekunde 0.65, kama ulivyokuwa kwenye XENON1T iliyotangulia, zinafika asilimia 3 tu. Uhai ukiwa milisekunde 15, zinafika asilimia 86. Zenoni ni ile ile, volti zile zile. Tafauti ni usafi peke yake.

Wa pili ni wa mionzi: kriptoni-85 na radoni-222. Hizi hazinasi elektroni. Kosa lao ni kuoza ndani kwa ndani ya zenoni na kutoa beta (radoni kupitia vizazi vyake), kwa hiyo hakuna ukuta wala tangi la maji la kukinga litakalozizuia. Na hapa ndipo watu wanapokosea: wanasema "kuna geta". Geta ni zirkoni iliyopashwa moto mamia ya nyuzi, inashika oksijeni, maji, nitrojeni na haidrojeni kwa sababu zinaungana nayo kikemia. Kriptoni na radoni ni gesi adimu, haziungani na kitu. Zinapita kwenye geta kama zenoni yenyewe inavyopita.

#2 · BiMlandege · Unguja

Ahsante kiini54. Suali: kwa nini zenoni, ghali hivi, na isiwe agoni inayopatikana kila pahala penye kulehemu?

#3 · kiini54

Bi, agoni inatumika, ila ile itokayo hewani ina agoni-39, inayooza kiasi cha mara moja kwa sekunde katika kila kilo. Kwa tani kadhaa ni maelfu ya matukio kila sekunde. Zenoni haina isotopu (atomu ya kitu kile kile yenye uzito tafauti) yenye mionzi ya kiasi hicho: zenoni-136 na zenoni-124 zinaoza, lakini nusu-maisha yake (muda wa nusu ya atomu kuoza) ni ya miaka 10 kwa kipeo cha 21 na 22. Hiyo ya zenoni-124 ilipimwa na XENON1T yenyewe, ikatangazwa 2019.

Halafu ni nzito: lita moja ina kilo 2.9, na kiini kina protoni 54. Gamma ya kutoka nje inafia sentimita chache za mwanzo, kwa hiyo unatupa matukio ya pembeni na kubaki na ya katikati tu. Ndiyo maana kujua mahali ni muhimu.

Ghali ni kweli. Hewani zenoni ni sehemu 87 kwa bilioni kwa ujazo. Kilo moja inahitaji hewa ya zaidi ya tani 2,500, na inapatikana pale tu viwanda vikubwa vinapotenganisha oksijeni kwa ajili ya chuma.

#4 · fundi_baridi · Mkoani

Naongeza upande wa baridi, maana hapo ndipo vyombo vinapoharibika.

Kwa shinikizo la hewa ya kawaida, zenoni huchemka nyuzi −108 na kuganda −112. Nafasi yako ni nyuzi nne tu. Ndiyo sababu inawekwa kwenye shinikizo la baa 2 hivi, ukafanya kazi nyuzi −96 au karibu yake, mbali kidogo na barafu. Kosa la kawaida ni hili: kidole cha shaba cha mashine ya baridi kinashuka chini ya −112, zenoni inaganda juu yake, ganda lile linazuia baridi isiifikie zenoni nyengine, shinikizo la chombo linapanda, na kidhibiti kikiona shinikizo limepanda kinaagiza baridi zaidi. Ganda linanenepa. Dawa ni hita ndogo kwenye kidole chenyewe, na kidhibiti kifuate joto la shaba kwanza, shinikizo baadaye.

Kabla ya kujaza, utaratibu ni huu. Chombo kinavutwa hewa yote na kupimwa uvujaji kwa heliamu: unapuliza nje kidogo kidogo kwenye kila kiungo, kipimo kilichounganishwa ndani kinasubiri uzito wa 4. Viungo viwe vya chuma kwa chuma. Mpira unapitisha heliamu, na radoni pia. Ungetamani kukioka chombo ili maji yatoke, lakini tefloni na fotomaltiplaya haziruhusu joto kubwa. Badala yake unazungusha zenoni ya gesi yenye joto la kawaida kupitia geta, wiki kwa wiki. Tefloni inafyonza maji na gesi kama sponji na kuzitoa kwa miezi.

Kupoza ni polepole. Tefloni husinyaa kiasi cha asilimia 1 na nusu, chuma cha pua kinasinyaa kidogo sana. Nguzo ya mita 1.5 inapungua sentimita 2. Aliyekaza skrubu bila kuacha nafasi ya kutelezea atakuta ukuta umepinda au umepasuka, na hatauona mpaka afungue.

Kimo cha kimiminika lazima kikae kati ya geti na anodi, na pale pana milimita chache tu. Chombo kikiinama milimita moja kwa upana wa mita 1.3, S2 za upande mmoja zinatafautiana na za upande wa pili, kwa sababu ukubwa wa S2 unategemea unene wa tabaka la gesi. XENON hutumia kengele ya kuzamia: chungu kilichogeuzwa chini juu ya nyavu, ndani kinashindiliwa gesi, na kimo kinafuata shinikizo la gesi hiyo bila kujali kimiminika cha nje kimepanda wapi.

Na kwetu sisi wa pwani, angalieni hili: zenoni juu ya nyuzi 16.6 haiwi kimiminika hata uishindilie vipi. Ndani ya mtungi kwenye joto letu la nyuzi 30 si gesi ya kawaida wala si kimiminika, na geji ya shinikizo haikwambii kwa uaminifu umebaki na kilo ngapi. Mtungi upimwe kwa mizani. Khasa wakati wa kurudisha: mtungi ukiutia kwenye nitrojeni ya nyuzi −196 unaivuta zenoni yote na kuigandisha ndani, bila pampu, na geji inasoma karibu na sifuri muda wote. Asiyekuwa na mizani anaendelea kujaza. Mtungi ukipata joto tena unapasuka. Hilo ni jambo la roho za watu.

#5 · MwambaoTanga

Umeme ukikatika je?

#6 · fundi_baridi

Tuseme joto linalopenya ni wati 100. Zenoni inahitaji kilojuli 96 kuchemsha kilo moja, kwa hiyo inachemka gramu moja kwa sekunde, karibu kilo 3.7 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya lita 600 za gesi kila saa ndani ya chombo kilichofungwa. Kwa hiyo panawekwa koili ya nitrojeni kimiminika inayofunguka yenyewe bila umeme, na tangi la dharura la kuipokea zenoni yote. Tangi la Gran Sasso lilijengwa kuhimili hata zenoni ikiwa kwenye joto la chumba. Vali ya usalama inayomwaga nje ni ya mwisho kabisa, maana ikifunguka umepoteza gesi.

#7 · Makonyo_Wawi · Chake Chake

Kuhusu kriptoni: nadhani kwa Wapemba mfano mwepesi ni kiwanda cha makonyo pale Wawi. Unachemsha, chepesi kinapanda, unakipoza, unakipata pembeni. Ndivyo?

#8 · kiini54

Umekaribia, yakhe, ila kuna tafauti yenye maana. Mafuta ya makonyo yanatolewa kwa mvuke: mvuke wa maji unapita kwenye makonyo, mafuta na maji vinapanda *pamoja*, kisha vikipoa vinajitenga vyenyewe kwa kuwa havichanganyiki. Mafuta ya karafuu yanakaa chini, mazito kuliko maji. Zenoni na kriptoni zikiwa kimiminika zinachanganyika kabisa, hazitajitenga hata ukae mwaka.

Hapa kinachofanya kazi ni tafauti ya kuchemka peke yake. Kriptoni huchemka nyuzi −153, zenoni −108, radoni −62. Unajenga mnara mrefu mwembamba uliojazwa vipande vya wavu wa chuma. Chini pana hita, juu pana kipozaji. Mvuke unapanda, kimiminika kinateremka, vinakutana kwenye kila kipande cha wavu, na kila vinapokutana mvuke unachukua kriptoni kidogo zaidi. Mara moja haitoshi. Ndani ya mnara mmoja jambo hilo linarudiwa mara nyingi. Juu kabisa unatoa zenoni kidogo iliyojaa kriptoni, unaitupa. Chini unatoa zenoni safi. XENONnT walifika chini ya sehemu 100 za kriptoni kwa milioni bilioni.

Kriptoni ukishaitoa umeitoa, ilimradi chombo hakivuji hewa. Radoni ni shughuli nyengine. Inazaliwa upya kila siku ndani ya chuma, waya, pampu na gundi, kutokana na radiumu kidogo iliyomo. Kwa hiyo mnara wake unafanya kazi bila kusimama, na kwa kinyume: radoni ni nzito kuvukiza, inabaki *chini*, zenoni safi inatoka juu. Hakuna haja ya kuitupa. Unaiweka chini ya mnara, nusu-maisha yake ni siku 3.8, inaoza hapo hapo mbali na kigunduzi. Sharti ni mnara uizungushe zenoni yote kwa muda mfupi kuliko siku hizo 3.8, ukichelewa, radoni inaoza ndani ya kigunduzi kabla hujaifikia.

Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika chombo hiki. Minara miwili ya aina moja, kanuni ile ile, mmoja unatupa kichwa, mwengine unaficha mkia.

#9 · BiMlandege

Shukran, hii ya kichwa na mkia imenikaa. Na kwa nini radoni inasumbua wakati beta yake ni elektroni na mmesema S2 kwa S1 inatenganisha?

#10 · nyota_ya_Kojani · Pemba

Inatenganisha, si kwa ukamilifu. Katika kila elektroni elfu zilizogongwa, chache zinaangukia upande wa viini. Ukiwa na matukio mengi ya radoni, hizo chache zinakuwa nyingi. Anayeleta tabu khasa ni mjukuu wake, risasi-214: mara nyingine anatoa beta bila gamma yoyote ya kumtambulisha.

Na ziko kazi ambazo kigunduzi kinatafuta elektroni zenyewe. Mnakumbuka 2020? XENON1T waliona matukio 285 yenye nishati kati ya kiloelektronivolti 1 na 7, wakitarajia 232. Watu waliandika sana kuhusu aksioni za jua, chembe za nadharia tu ambazo hazijawahi kuonekana.

#11 · MwambaoTanga

Na mpaka leo si imethibitishwa?

#12 · nyota_ya_Kojani

Hapana, na jambo hili lisiachwe linaelea. Wao wenyewe waliandika siku ile ile kwamba tritiamu (haidrojeni yenye mionzi) kidogo ingetosha kueleza: chini ya atomu tatu katika kila kilo ya zenoni, kiasi ambacho hakuna kipimo cha moja kwa moja kingekiona. XENONnT ilipojengwa, chombo kilitolewa gesi kwa miezi mitatu na zenoni ikapitishwa kwenye geta za haidrojeni. Matokeo ya 2022: matukio ya uchafu yanayogonga elektroni yameshuka mara tano, ziada haipo. Aksioni hazikuonekana.

Kilichoonekana kweli ni nyutrino za jua. Ndani ya jua boroni-8 hutoa nyutrino zenye nishati ya hadi MeV 15 (kiloelektronivolti 15,000) hivi, na hapa duniani zinapita takriban milioni 5 kwa sekunde kwenye kila sentimita ya mraba. Nyutrino ya MeV 15 ikikisukuma kiini kizima cha zenoni, kiini hakipati zaidi ya kiloelektronivolti 3.7. Hapo S1 ni fotoni mbili tatu zilizonaswa. Kwa hiyo XENONnT walikubali S1 iliyoonwa na macho mawili tu badala ya matatu, na adui mkuu akabadilika: si radoni tena, ni bahati. S1 ya peke yake, labda kelele za macho mawili, inakutana na S2 ya peke yake, labda elektroni zilizochelewa baada ya tukio kubwa, na kompyuta inazifunga pamoja kana kwamba ni tukio moja. Mwaka 2024 walitangaza matukio 37, yaliyotarajiwa kuwa uchafu ni 26.4. PandaX-4T, kigunduzi kingine cha zenoni huko Jinping, China, ilitangaza yake wakati huo huo. Kila mmoja alikuwa na nguvu ya sigma (kipimo cha uhakika wa kitakwimu) 2.7 au chini kidogo, kwa hiyo tuite dalili, tusiite ugunduzi uliokamilika.

Uzito wake ni huu: nyutrino hizo zinafanana kabisa na maada ya giza yenye uzito wa protoni kama sita. Kwa upande huo hakuna usafishaji utakaosaidia. Huwezi kulizima jua.

#13 · Makonyo_Wawi

Hatuwezi kuwa na hata kidogo cha namna hii hapa? Mkondo wa Pemba una kina kirefu.

#14 · nyota_ya_Kojani

Tuhesabu. Usawa wa bahari, miuoni ya kutoka angani, chembe zinazopenya mwamba na kuleta matukio yasiyotakiwa, inapita mara moja kwa dakika kwenye kila sentimita ya mraba. Gran Sasso ni sawa na maji ya mita 3,600 na inaipunguza mara milioni. Mkondo wa Pemba ni takriban mita 800 za maji. Masingini, kilima cha juu kabisa Unguja, ni mita 120 za mwinuko. Kigunduzi kidogo cha kufundishia, kilo chache za zenoni, kinafanya kazi juu ya ardhi bila tabu. Cha kutafuta maada ya giza kinataka mlima au mgodi.

#15 · fundi_baridi

Jambo moja limerukwa: nyavu. XENONnT ilipangwa kuwa na uga mkubwa zaidi, lakini katodi ilishikana kiumeme na wavu ulio chini yake, wakabaki na volti 23 kwa sentimita. Kwa hiyo elektroni zinakwenda polepole, ndiyo hizo milisekunde 2.2. Usafi wa hali ya juu ndio uliowaokoa. Chombo kingine chenye uhai mfupi wa elektroni kingekufa pale.

Na waya ukiwa na kinundu kisichoonekana kwa jicho, au nywele ya vumbi, unatema elektroni moja moja usiku na mchana. Wenye LZ, kigunduzi kingine cha zenoni huko South Dakota, Marekani, chenye tani 7, walizifuma nyavu zao kwa mtambo wa kufumia, kisha wavu wa geti ukatiwa kwenye asidi ya sitriki, hiyo hiyo iliyomo kwenye ndimu. Inaondoa chembe za chuma tupu usoni na kuacha utando wa oksidi ya kromiamu, na utemaji unapungua sana. Baada ya hapo wavu hauguswi kwa mkono. Jasho lina potasiamu, na potasiamu-40 ina mionzi.

#16 · mwalimu_Micheweni

Wadau, nafundisha fizikia skuli. Nipeni zoezi moja la kidato cha sita linaloonesha usafi huu kwa namba, lisilohitaji chombo.

#17 · kiini54

Maalim, wape radoni. Katika kipindi cha matokeo ya 2022, XENONnT ilikuwa na mikrobekereli 1.8 za radoni kwa kila kilo (bekereli moja ni muozo mmoja kwa sekunde). Wazidishe kwa kilo 5,900: milibekereli 10.6, yaani muozo mmoja kila dakika moja na nusu hivi katika tangi zima. Nusu-maisha siku 3.82, sawa na sekunde 330,000, 0.693 ukigawa kwa hiyo unapata 2.1 × 10⁻⁶ kwa sekunde. Idadi ya atomu ni mwendo wa kuoza ukigawa kwa namba hiyo. Jibu ni atomu 5,000 tu za radoni. Kisha watafute atomu za zenoni kwa kutumia uzito wa 131.3: zinatoka 2.7 × 10²⁸.

#18 · nyota_ya_Kojani

Maalim, waongezee kipengele cha mwisho: mnara ulipoanza kuvuta kutoka kwenye kimiminika pia, si kwenye gesi peke yake, kipimo kilishuka chini ya mikrobekereli 1 kwa kilo. Wakitumia 0.9 watapata nusu ya jibu la kiini54. Waulize pia kwa nini mnara haufiki sifuri hata ukizungusha mara mbili ya kasi. Aliyeelewa atajibu kwamba chuma kinaendelea kuzaa.